Ngumi Yenye Sheria: Sanaa za Mapigano na Mwanafunzi wa Uanasheria

"Wakili hupigana kwa ulimi. Ngumi ni za wasiojua kusema." Maneno haya niliyasikia yakitoka kinywani mwa mzee mmoja aliyekuwa akimkanya bintiye, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria hapa Nakuru, baada ya kugundua kwamba jioni tatu za kila wiki binti huyo hazimalizi maktabani bali katika ukumbi wa karate. Binti ni jirani yangu katika nyumba za kupanga wanamoishi wanafunzi wengi, nami siku hiyo nilikuwa nimekaribishwa chai, kwa hivyo sikuwa na mahali pa kukimbilia. Kwa kuwa karo hutoka mfukoni mwa mzee, na kwa kuwa adabu haimruhusu mtoto kujibizana na mzazi mbele ya mgeni, binti alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza. Makala haya ni jaribio la kuuvunja unyamavu ule.

Nikiri mapema kwamba mimi si mwanasheria, wala sijawahi kujifunga mkanda wa rangi yoyote kiunoni. Fani yangu ni fasihi ya Kiswahili. Huenda msomaji akauliza: mwanafasihi ana lipi la kusema kuhusu karate na mahakama? Analo, nami nitalifikia. Kwanza nieleze nilichokiona.

Kila alfajiri, kabla matatu za kuelekea Njoro hazijaanza kupiga honi, jirani yangu hutoka uani akafanya zoezi moja lile lile. Huitwa Heian Shodan, nalo ni kata, neno la Kijapani lisilohusiana na kata ya mbeba mzigo wala kata ya chifu. Ni mfululizo wa harakati 21 zilizopangwa: kukinga, kupiga hatua, kupiga ngumi, kugeuka, kukinga tena. Mpinzani hayupo; anayepigwa ni hewa. Kwa miezi kadhaa niliyatazama hayo kupitia dirishani na, Mola anisamehe, niliyaona kuwa ni mchezo wa mtu mwenye wakati wa kupoteza. Kwani atazirudia harakati 21 mara ngapi kabla hajatosheka?

Nilibadilisha mawazo nilipomkuta akisoma hukumu ya mahakama ya rufaa. Alikuwa ameisoma mara tatu. Mara ya kwanza aliandika matukio peke yake: nani alimfanyia nani nini, lini na wapi. Mara ya pili alitafuta swali la kisheria ambalo majaji waliulizwa walijibu. Mara ya tatu alitenga sababu ya uamuzi na maneno mengine ambayo majaji waliyasema njiani tu. Nilipomuuliza kwa nini hasomi mara moja akapiga mstari penye maana, aliniambia kwamba katika kata ukiiruka hatua ya saba, ya nane haina pa kusimama; na kwamba hukumu nayo ni hivyo hivyo. Jibu hilo lilinishughulisha kuliko alivyodhani.

Hapa ndipo mwanafasihi anapoingia. Neno "nidhamu" tulilipata kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kupanga vitu kwa taratibu, kama mtu atungaye shanga katika uzi. Katika mzizi huo huo tumepata "nudhumu", yaani tungo za kishairi, na kitenzi "nadhimu", yaani kutunga. Kumbe nidhamu na ushairi ni ndugu wa tumbo moja. Malenga anayehesabu mizani na kulinganisha vina ana nidhamu kwa maana ile ile ya asili ambayo mwanakarate anayo anapohesabu hatua. Kwa bahati mbaya, katika shule zetu neno hili lilinyang'anywa maana yake likawa jina jingine la kiboko. "Mwalimu wa nidhamu" alikuwa ndiye mwenye fimbo ndefu zaidi, na hata baada ya adhabu ya viboko kupigwa marufuku nchini mwaka 2001, wengi wetu bado tunaposikia nidhamu huwazia maumivu yanayotoka kwa mtu mwingine. Nidhamu ninayoizungumzia ni ile ambayo mtu hujipangia mwenyewe kabla jua halijachomoza, bila kusimamiwa.

Si bahati tu kwamba Sheikh Kaluta Amri Abedi alikiita kitabu chake cha mwaka 1954 "Sheria za Kutunga Mashairi". Alichagua neno sheria. Na mtu huyo huyo, baada ya uhuru wa Tanganyika, ndiye aliyeteuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Sisi wa idara za Kiswahili tumezoea kumtaja Amri Abedi tunapobishana kuhusu wanamapokeo na wanamabadiliko, tukamsahau waziri. Yamkini akili iliyoona kwamba shairi lina sheria ndiyo iliyoweza kuona kwamba sheria nayo ina umbo, na kwamba umbo halimfungi mtu bali humpa pa kusimama.

Dhana kwamba mazoezi ya mapigano ni adui wa vitabu haina mashiko katika historia ya sanaa zenyewe. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mwaka 1882, alikuwa ametoka kuhitimu katika Chuo Kikuu cha Tokyo, na maisha yake yote alikuwa mwalimu. Funakoshi Gichin, aliyeitoa karate katika kisiwa cha Okinawa na kuipeleka Tokyo mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule. Na chama cha kwanza cha karate katika chuo kikuu kilianzishwa Keio mwaka 1924. Yaani karate tuijuayo leo ililelewa na wanafunzi wa vyuo vikuu. Funakoshi alifundisha kwamba karate haianzi kwa shambulio. Ndiyo maana Heian Shodan, ile ya jirani yangu, huanza kwa mkono unaokinga. Wala tusidhani kwamba haya ni ya Wajapani peke yao. Lamu wana kirumbizi, ambapo watu wawili huingia uwanjani na bakora huku ngoma na zumari vikilia, wakashambuliana na kukingana kwa taratibu ambazo kila mtazamaji anazijua. Anayepiga nje ya taratibu huaibika mbele ya mji mzima.

Nirejee Nakuru, maana mji huu una hoja yake, nayo ni ya ndondi zaidi kuliko karate. Kabla ya Nakuru kutangazwa kuwa jiji Desemba 2021, kabla hata ya kuwa na kitivo chochote cha sheria, ulikuwa mji wa mabondia, na ukumbi wao wa mazoezi waliuita Madison Square Garden bila kuona haya. Mwana wa Nakuru, Philip Waruinge, alitwaa dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1966 na tena mwaka 1970. Lakini kisa chake ambacho ningependa kila mwanafunzi wa sheria akifahamu ni cha Mexico City mwaka 1968. Katika nusu fainali ya uzani wa unyoya, Waruinge alishindwa kwa pointi na Antonio Roldán, bondia wa nchi mwenyeji, ambaye mwishowe alitwaa dhahabu. Waruinge alipata shaba. Hata hivyo, katika mashindano hayo hayo alitunukiwa Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia aliyeonyesha ustadi kuwapita wote wa uzani wote. Tafakari kidogo: waliomwona kuwa bora kuliko wote na waliomtangaza kuwa ameshindwa walikuwa katika Olimpiki moja. Waruinge alirudi Nakuru, akaendelea na mazoezi, na mwaka 1972 mjini Munich akapata fedha.

Kuna somo gani la uanasheria hapa? Katika kila kesi yenye pande mbili, wakili mmoja hushindwa. Atashindwa mara nyingine akiwa na hoja bora, kwa sababu shahidi alitetereka, au kwa sababu hakimu hakuliona jambo kama alivyoliona yeye. Desturi ya mahakama zetu inamtaka wakili aliyeshindwa ainame, amshukuru mheshimiwa, kisha aende ofisini kuandika ilani ya rufaa ndani ya siku 14. Shukrani hiyo si unafiki. Ni kukiri kwamba mwamuzi ana mamlaka hata anapokosea, na kwamba kosa lake hurekebishwa kwa njia inayojulikana. Jambo hili vitabu hulieleza vizuri, lakini hakuna kitabu kinachomzoesha mtu kulibeba mwilini. Ulingo humzoesha. Mtu aliyepigwa mbele ya rafiki zake mara ishirini, akainama kila mara na kumshukuru aliyempiga, hatalia siku pingamizi lake la kwanza litakapotupiliwa mbali.

Nelson Mandela ni kielelezo kinachojulikana zaidi. Agosti 1952, yeye na Oliver Tambo walifungua ofisi ya mawakili jijini Johannesburg, na miaka hiyo hiyo jioni zake nyingi zilikuwa za ndondi katika kituo cha jamii cha Orlando. Katika tawasifu yake ameeleza kwamba hakuvutiwa na ukatili wa mchezo huo bali na mbinu zake: namna ya kushambulia na kurudi nyuma kwa wakati mmoja, na namna ya kujigawia nguvu. Aliongeza kwamba ulingoni cheo, umri, rangi na mali havimsaidii mtu. Kwa wakili mweusi aliyeingia kila siku katika mahakama za ubaguzi, ambako rangi ilikuwa ndiyo hoja ya kwanza, nadhani mraba ule wa kamba ulikuwa mahali pekee mjini ambapo usawa mbele ya sheria ulikuwa ukitekelezwa.

Kuna fungu moja la sheria ambalo, kwa maoni yangu, anayelisoma bila kuwahi kukabiliwa na mpinzani hulisoma nusu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, katika vifungu vya 207 na 208 hueleza uchokozi: tendo au tusi la namna ambayo lingeweza kumpokonya mtu wa kawaida uwezo wa kujizuia, akatenda kabla hasira yake haijapoa. Anayethibitisha hilo, kosa la kuua kwa kukusudia hushuka likawa kuua bila kukusudia. Kifungu cha 17 nacho huliacha suala la kujihami mikononi mwa kanuni za sheria ya mapokeo ya Kiingereza, na kesi inayotajwa sana ni ya Palmer, iliyotoka Jamaika na kuamuliwa London mwaka 1971, ambapo ilikubaliwa kwamba mtu anayeshambuliwa hawezi kutarajiwa kupima kipigo chake kwa mizani ya dhahabu.

"Kabla hasira haijapoa" ni muda gani? Sekunde mbili? Dakika kumi? Mwanafunzi wa kawaida atatafuta jibu katika kesi tangulizi, na ni wajibu wake kutafuta humo. Lakini jirani yangu amewahi kupigwa teke la mbavu kimakosa, na mtu aliyevuka mpaka wa mazoezi, akahisi damu ikipanda, na ndani ya pumzi moja akaamua kukinga badala ya kulipiza. Anajua jinsi pumzi hiyo ilivyo fupi. Anajua vilevile kwamba inatosha, kwa aliyefunzwa. Fauka ya hayo, anajua kwamba baada ya purukushani yoyote watu wawili waaminifu watatoa masimulizi mawili kuhusu nani aliyeanza, na wote wawili watakuwa wanasema wanachoamini. Atakapomhoji shahidi wa upande wa pili hatamwita mwongo kwa pupa.

Siku kadhaa baada ya chai ile, mzee alinikuta langoni. Labda alikuwa amesoma usoni mwangu yale ambayo sikuyasema. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba vijana waliobisha mlangoni kwake Januari 2008 nao walijua kupiga.

Sikuwa na jibu, na sidhani kwamba hoja zangu zote za hapo juu zinalifuta jambo hilo. Wakati ule nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka moshi, na kulala sakafuni mbali na dirisha. Machafuko yaliufikia mji wa Nakuru tarehe 24 Januari 2008, na Naivasha siku tatu baadaye. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilitoa ripoti yake Oktoba mwaka huo, ikahesabu vifo 1,133 nchini kote. Mzee aliyeyaona hayo mlangoni kwake ana haki ya kuogopa ngumi ya kijana yeyote, hata ya bintiye.

Hata hivyo, ningemwomba akumbuke kilichotangulia. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalibishaniwa, na upande uliojiona umeonewa ulikataa kwenda mahakamani kwa kusema kwamba hauna imani na mahakama. Kwa lugha ya ulingo, bondia alikataa pointi kwa sababu hakumwamini refa. Tangu Katiba ya 2010, mabishano ya urais ya 2013, 2017 na 2022 yote yamepelekwa katika Mahakama ya Juu, na tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ikaubatilisha uchaguzi wenyewe. Pamoja na mapungufu yote, na damu iliyomwagika hata baada ya hapo, huko ni kujifunza ulingo. Vijana wa Januari 2008 walikuwa na nguvu. Kilichokosekana ni kamba, kengele na mtu wa kati anayeaminika. Sasa, watu wa kati wa kesho ndio hawa wanaosoma sheria Egerton na Kabarak leo. Ningependa wawe watu waliowahi kupigwa ndani ya sheria, wakajua tofauti yake na kupigwa nje yake.

Nisije nikaonekana muuza dawa ya mtaani inayotibu maradhi yote. Vladimir Putin ana shahada ya sheria aliyoipata Leningrad mwaka 1975, na amecheza judo tangu ujana wake. Machi 2023 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata. Mkanda mweusi na shahada ya sheria vilikaa katika kabati moja, na majirani wa nchi yake wanajua vilivyowafaa. Karibu na kwetu, sote tumewaona vijana waliofunzwa ndondi wakigeuzwa walinzi wa wanasiasa majira ya kampeni. Mwalimu wa ukumbi ndiye mwenye uzito mkubwa katika suala hili: anayewaambia wanafunzi wake kwamba wamekuja kujifunza kushinda watu barabarani anawaandaa kwa kazi nyingine. Tena masomo ya sheria ni mazito. Ni miaka minne ya shahada, kisha Chuo cha Sheria cha Kenya jijini Nairobi na mitihani ambayo wengi huirudia. Mwanafunzi atakayekimbilia ukumbini ili kukwepa maktaba, ukumbi hautamwokoa.

Lakini lipo pengo ambalo mazoezi ya jirani yangu yamelifichua, nalo linatuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Kata pekee haitoshi. Lazima siku moja usimame mbele ya mtu anayekupiga kweli. Wanafunzi wa sheria wana mahakama zao za kuigiza, na hushindana humo kwa ustadi. Kiingereza ndiyo lugha yao humo. Sasa tazama Kanuni ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 198: lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba nayo, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Wakili mchanga wa Nakuru, Molo au Naivasha ataanzia mahakama za chini, ambako mlalamishi, mshtakiwa na shahidi aghalabu watasema Kiswahili, na atalazimika kumhoji mchuuzi wa soko kuhusu mahali alipokuwa amesimama na alichokisikia. Hilo ni pambano ambalo hakuna aliyemfanyisha mazoezi yake.

Nilimjaribu jirani yangu. Nilimpa kesi ya kubuni ya shambulio la kudhuru mwili, mimi nikawa shahidi mkaidi. Kwa Kiingereza angenimaliza. Kwa Kiswahili alikwama katika swali la tatu, akatafuta neno la kusema "pingamizi" akalikosa, akacheka, kisha akaacha kucheka. Nami nilipojaribu kuwa wakili nilikuwa na maneno tele lakini sikujua swali lipi linaruhusiwa na lipi haliruhusiwi. Alinikatiza mara tano. Yeye ana sheria, mimi nina lugha, na kila mmoja alimpiga mwenzake palipokuwa wazi.

Kwa hivyo napendekeza kwa chama chetu jambo lisilohitaji bajeti kubwa: mahakama ya kuigiza kwa Kiswahili, tuiandae pamoja na wanafunzi wa sheria wa hapa Nakuru, mara moja kila muhula, mhadhiri wa Kiswahili na mhadhiri wa sheria wakikaa pamoja kuwa majaji. Kesi ya kwanza tumeshaiandika, mimi na jirani yangu. Inahusu ugomvi katika kituo cha matatu, na suala ni kama mshtakiwa alichokozwa au alijihami. Tumekubaliana kufanya zoezi Ijumaa ijayo saa kumi na moja jioni, kabla yeye hajaenda ukumbini. Amemwalika babake awe hakimu. Mzee amesema atafikiria.